Bango letu la Siku ya Alzheimer watu walidhani ni la mgombea. Mwaka huu tuandike nini?

Mgomba Mbichi (mleta mada)

Habarini wanajamvi.

Niko Hai, Kilimanjaro, upande wa Machame. Kijiji sikitaji kwa sababu nitawasema watu humu, na wengine ni shemeji zangu.

Mwaka jana tarehe 21 Septemba, Siku ya Alzheimer Duniani, tulijikusanya vijana sita na mama mmoja muuguzi mstaafu, tukaandaa mkutano wa kuelimishana kuhusu huu ugonjwa unaowapokonya wazee wetu kumbukumbu. Tarehe iliangukia Jumapili. Tukasema safi, tutawakamata baada ya ibada, mnada ukiisha, watu wakiwa bado wameshika mikungu yao ya ndizi na kuku. Tukachanga, tukachapisha bango la mita mbili: SIKU YA ALZHEIMER DUNIANI. Herufi nyekundu, zimetulia.

Sasa kumbukeni huo ulikuwa msimu wa kampeni. Bango lilikaa njia panda siku tatu, na katika siku hizo tatu watu wawili waliniuliza huyo Alzheimer anagombea kwa chama gani. Mama wa genge akauliza kama ndiye yule mzungu wa visima. Mzee mmoja akasema kama anagawa kofia atakuja, kama hagawi ana kazi shambani.

Walikuja watu kama 80. Nisijisifu, wengi walifuata kupimwa presha na sukari bure, maana hilo nalo tulilitangaza. Tulikuwa na mgeni rasmi, cheo nakihifadhi. Alichelewa kwa saa mbili, wazee wamekaa juani wanamsubiri, na alipofika akahutubia dakika 40 kuhusu barabara. Mama muuguzi akabakiwa na robo saa. Lakini hiyo robo saa, wakuu! Aliuliza swali moja tu: "Nani hapa nyumbani kwake kuna mzee anayeuliza jambo lile lile mara kumi kwa asubuhi moja?" Kimya. Ukanyooka mkono mmoja. Mara mikono ikawa kama darasani. Watu wakageukiana wakaanza kusimuliana wenyewe, mama mmoja analia waziwazi, na hapo hapo mwenye spika akaja kuzima spika yake kwa kuwa muda tuliolipia umekwisha.

Kinachonifanya nihangaike na haya ni bibi yangu mzaa baba. Ana miaka 84.

Ilianza na chumvi. Alikuwa anatia chumvi kwenye chai badala ya sukari, tukacheka, na yeye akacheka. Baadaye akawa anateleka maharage bila kuwasha moto, anakaa kando ya mafiga anasubiri yachemke. Sasa hivi ikigonga saa kumi na mbili jioni anajifunga khanga ya pili, anachukua fimbo, anasema anakwenda nyumbani. Kwenye kihamba hiki, shamba letu la ukoo, yupo tangu aolewe. Nyumbani anakosema ni kwa baba yake, ng'ambo ya mto, ambako hajabaki hata mtu mmoja wa kumjua. Mwanzoni tulikuwa tunabishana naye, "Bibi, nyumbani ni hapa!" Ilikuwa vita, fimbo zinaruka. Siku hizi nachukua tochi naongozana naye. Tunateremka mpaka kwenye mfereji, namuuliza habari za mbuzi wa baba yake, ananitajia mmoja mmoja kwa rangi. Akichoka anasema, "Giza limeingia, turudi kwetu." Tunarudi.

Watoto wake wako Dar na Arusha. Krismasi walikuja, bibi akachangamka siku mbili nzima, wakasema mbona yuko sawa, nyie ndio mnamzeesha. Siku ya tatu, sahani za ndizi nyama zikiwa mezani, akamgeukia baba mkubwa: "Na wewe kijana ni mtoto wa nani?" Baba mkubwa alitoka nje akasimama chini ya mparachichi muda mrefu, ameweka simu sikioni. Simu yenyewe haikuwa na chaji.

Mwaka huu tarehe 21 ni Jumatatu, kwa hiyo tunafikiria Jumapili ya tarehe 20. Hela ya bango ipo. Tuandike nini? "Alzheimer" imeshindwa. "Demensia", neno la madaktari kwa magonjwa ya namna hii, nayo mama wa genge ataniuliza ni dawa ya kuku au ya ng'ombe. Karibuni.

Bosi Kijiweni

Andikeni KOFIA BURE. Uwanja utajaa.

Babu Mkorofi

Mimi naona mnatafuta mradi. Wazee wanasahau tangu dunia iumbwe. Babu yangu mwishoni alikuwa anamwita ng'ombe kwa jina la mke wake mkubwa, na mke mkubwa anaitika, maisha yanaendelea. Hatukumtengea siku yake duniani. Leo kila kitu ugonjwa, na kila ugonjwa una tarehe na fulana yake. Uzee ni uzee. Mtunzeni bibi yenu, mabango waachieni wanasiasa.

Tabibu wa Zamu

Babu, shikamoo. Hoja yako naisikia wodini kila wiki, na jibu lake liko hapo hapo kwa mleta mada.

Hai ni kati ya sehemu chache za Afrika ambako watafiti walipita nyumba kwa nyumba kuwapima wazee ugonjwa huu. Matokeo yalichapishwa 2013. Kwa wenye miaka 70 na kuendelea, demensia ilikuwa asilimia 6.4. Sasa piga hesabu. Ingekuwa ni uzee tu, si wangekuwa nayo wote? Zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuwa nayo, na hao nao ni wazee vile vile, magoti yanauma na meno hayapo.

Na huyo Alzheimer aliyeshindwa uchaguzi Machame alikuwa daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mgonjwa aliyewasimulia wenzake mwaka 1906, ambaye kwa sababu yake ugonjwa ukabeba jina hilo, hakuwa ajuza. Alilazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Alipofariki ubongo wake ukachunguzwa kwa darubini: umesinyaa, kuna mabaka yaliyoganda katikati ya seli, na ndani ya seli nyuzi zimesokotana. Kwa hiyo ni ugonjwa wa mwili, ila mahali ulipo huwezi kunyoosha kidole ukasema angalia uvimbe huu.

Alzheimer ni aina mojawapo, ndiyo inayobeba asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Demensia ni jina la ukoo mzima. Aina nyingine kubwa inatokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, na hapo ndipo presha na kisukari vinapoingia. Kwa hiyo mleta mada, ile meza ya kupima presha usiione ni chambo cha kuvutia watu. Hiyo ndiyo kinga yenyewe. Jopo la wataalamu lililoandika kwenye jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari: presha, kisukari, sigara, pombe kupita kiasi, upweke, masikio yasiyosikia vizuri, macho yasiyotibiwa, kukosa shule utotoni na mengine. Wakakadiria kwamba yote yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya visa duniani vingezuilika au vingechelewa.

Onyo moja tu. Mzee aliyekuwa mzima Ijumaa, Jumapili anaweweseka na hajui alipo, huyo msimsubirishe mkutano wa Septemba. Ni hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, sukari imeshuka, dawa mpya imemkataa, au alianguka wiki tatu zilizopita na damu inavuja taratibu ndani ya fuvu. Mengi ya hayo yanatibika. Demensia inakuja kwa miezi na miaka, haiji kwa wikiendi.

Babu Mkorofi

Marahaba. Hizo asilimia sijazielewa ila ya masikio nimeisikia. Langu la kushoto halifanyi kazi tangu 2019.

Tabibu wa Zamu

Kapime Babu. Huenda ni nta tu imeziba.

Ngosha wa Ziwani

Mleta mada una bahati. Huko kwenu bibi akitoka usiku mnachukua tochi. Kwetu usukumani kulikuwa na watu wakichukua panga.

Sitaki kuchafua uzi lakini lazima lisemwe. Sifa kubwa ya mchawi kwetu ilikuwa macho mekundu. Bibi kapika miaka 50 kwenye kibanda kisicho na dirisha, kuni zikiisha anachochea samadi ya ng'ombe, macho yatakosaje kuwa mekundu? Sasa huyo huyo mpe na huu ugonjwa. Anatembea usiku. Anaongea peke yake. Anakutwa alfajiri uani kwa jirani amevaa nguo nusu. Wakimuuliza "umefuata nini hapa?" hana jibu, kwa sababu kweli hajui. Kule kunyamaza ndiko walikokuwa wanakuita kukiri. Wazee wangapi wamekwenda hivyo, na wangapi kati yao walikuwa wagonjwa tu?

Mimi ningeandika bila aibu: ANASAHAU, HALOGI.

Mwana wa Mnazini

Nami nipo Kilifi, Kenya, na niseme neno hapo hapo. Huku kwetu si macho, ni mvi. Kuna wazee wapaka nywele rangi nyeusi, si urembo, ni kutaka kuishi. Pale Ganze kuna Kaya Godoma, wazee waliosingiziwa uchawi wakakimbilia wakapewa hifadhi. Na ukiuchimba huo uchawi wa mzee, chini yake wapata shamba. Watoto wataka kuuza, mzee ndiye kizuizi.

Lakini ndugu yangu Ngosha, sikubaliani nawe kwa bango. Machame labda hakuna aliyewahi kumwita bibi huyo mchawi. Ukitundika HALOGI njia panda, neno umelileta wewe. Kesho mtoto amuuliza mamake, "Mama, kwani bibi alikuwa aloga?" Maneno ya kwenu yatumieni kwenu, nasi tutumie yetu.

Ngosha wa Ziwani

Hapo umenishika. Nimekubali.

Kalamu Nyekundu

Tuje kwenye lugha sasa, maana swali la uzi ni hilo.

Tafsiri nyingi zinazozunguka mtandaoni zinaandika "shida ya akili". Andikeni hivyo muone. Watu watadhani mnaandikisha majina ya kupeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na hakuna familia itakayomleta mama yao mbele ya kadamnasi. "Kurudi utotoni" lina huruma kidogo, lakini likishazoeleka watu wanaanza kumfokea mzee kama mtoto, wanamkatia usemi, wanamvua nguo mbele za watu. Mtoto anajifunza, huyu hajifunzi. Na mtoto hakusomesha mtu.

"Usahaulifu" ni tabia. Mwanafunzi aliyeacha daftari nyumbani ni msahaulifu.

"Ugonjwa wa kusahau" ndiyo ninayoisikia ikisemwa na watu wenyewe, na ina neno "ugonjwa" ndani yake, ambalo ndilo Babu Mkorofi alilokuwa analikataa. Tatizo langu nayo ni moja. Je, wote wanaanza kwa kusahau? Tabibu atuambie.

Tabibu wa Zamu

Hapana, na hapo ndipo wengi wanatuchenga. Wapo wanaoanza kwa tabia. Mzee wa kanisa mwenye heshima zake anaanza kutukana, anagawa hela ovyo, anashika watu, kumbukumbu bado iko sawa kabisa. Familia inasema ameharibika. Wapo wanaoanza kwa kuona. Aina inayoitwa Lewy, mgonjwa anaona watoto wadogo wamekaa pembeni ya kitanda, au paka wanapita sakafuni, anawaona wazi kama ninyi mnavyoonana, na wakati mwingine anawasimulia kwa utulivu bila hata kuogopa. Nyumba ikiwa na imani ya majini, mnajua kinachofuata.

Kwa hao wa kuona vitu nasisitiza: msimtulize kwa dawa za wagonjwa wa akili za kununua tu dukani, haloperidol na jamii yake. Kwa aina hiyo zinaweza kumkakamaza mwili au hata kumwondoa. Mweleze daktari kila mnachokiona kabla hajaandika dawa.

Ila kwa bango, Kalamu, watu hawasomi bango kama kitabu. "Kusahau" inafungua mlango, mengine watayakuta ndani.

Mbeba Boksi

Nawasalimu kutoka Uingereza, natunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee huku, mwaka wa tisa sasa.

Hili la neno si dogo. Wajapani walikuwa na neno lao la demensia, *chihō*, na herufi zake zina maana ya upumbavu. Mwaka 2004 serikali yao ikalifuta kwenye matumizi rasmi, ikaweka *ninchishō*, yaani ugonjwa wa utambuzi. Mwaka uliofuata wakaanza kuwafundisha watu wa kawaida: karani wa benki, muuza duka, mwanafunzi. Ukimaliza kikao unapewa kikuku cha rangi ya chungwa, na mpaka leo waliopita hapo wamezidi milioni 10. Waingereza wakaiga mwaka 2013 na mpango wao wa Dementia Friends. Hakuna anayekufundisha udaktari. Unafundishwa tu kwamba mama akisimama mbele ya kaunta anahesabu sarafu zile zile mara tano, usipumue kwa nguvu.

Halafu niwape moja. Tulikuwa na mama wa Unguja, huku ameishi zaidi ya miaka 40, amesomesha watoto, amefanya kazi kwa Kiingereza maisha yote. Ugonjwa ulipomkolea Kiingereza kikaondoka chote. Kwenye faili lake wenzangu walikuwa wameandika kwamba anatoa sauti zisizo na maana. Zamu yangu ya kwanza kwenye ghorofa ile nampita na toroli la chai namsikia: "Maji, mwanangu. Maji." Nilisimama nikashindwa hata kumimina. Sijui alikuwa ameomba maji kwa siku ngapi.

Kwa hiyo mleta mada, bibi yako akianza kuongea Kichaga tu na Kiswahili kikamtoka, msimlazimishe. Mtafutieni wa kuongea naye.

Dada Mkubwa 88

Nilikuwa nasoma tu, ila mimi naomba niseme.

Mimi sina mzee mwenye ugonjwa huu. Nimemlea wa watu, miaka minne, Dar es Salaam, mimi ni dada wa kazi. Huyo bibi nilimpenda na yeye siku zake nzuri alinipenda. Lakini alikuwa anaficha pesa. Anaficha, anasahau, halafu anasema nimeiba mimi. Mara ya kwanza mama mwenye nyumba alinitetea. Mara ya tatu ilikuwa laki mbili za vikoba, nikapekuliwa begi langu sebuleni, mbele ya watoto, nguo zangu za ndani zikamwagwa kwenye zulia, shemeji yao anapiga simu anauliza polisi wako wapi. Nilikaa siku tisa naambiwa mwizi. Siku ya kumi unga wa ugali ukafika chini, nikakuta bahasha chini kabisa ya ndoo. Unga umeingia kwenye noti zote. Nikampelekea mama mwenye nyumba. Akasema, "Haya, basi, endelea na kazi."

Sasa nasoma humu mikutano, mabango, vikuku. Mikutano hiyo sisi hatualikwi. Sisi tunabaki nyumbani na mzee ili ninyi mwende mkaelimishwe kuhusu mzee.

Na mkishatangaza, mtu akajua mama yake ni mgonjwa, anakwenda naye wapi? Au anarudi naye nyumbani kwangu?

Bosi Kijiweni

Dada pole sana aisee. Siku tisa!

Mgomba Mbichi

Dada Mkubwa, nimesoma mara tatu. Kwetu anayeshinda na bibi ni binti wa jirani tunamlipa kidogo. Mwaka jana siku ya mkutano alikuwa wapi? Alikuwa nyumbani na bibi. Sikuwahi kuliwaza hata siku moja.

Tabibu wa Zamu

Dada, swali lako la "anakwenda naye wapi" ndilo linalonikosesha raha na hizi siku maalumu zote. Nakujibu bila kukudanganya.

Dawa ya kuponya haipo. Zipo za kupunguza makali kwa baadhi ya wagonjwa kwa muda. Lakini kuna vya kufanya. Kwanza apimwe na vinavyotibika viondolewe: vitamini B12, tezi ya shingo, sonona, masikio, mtoto wa jicho, presha. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilishasema matibabu ya wazee yawe bure, tatizo ni utekelezaji, kwa hiyo ukifika hospitali uliza dirisha la wazee na usione haya kung'ang'ana.

Kumpima kwenyewe hakuhitaji mashine kubwa kwa kuanzia. Vipimo vya kizungu vinamtaka mzee achore saa kwenye karatasi, na bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu ataanguka mtihani akiwa mzima. Ndiyo maana hapo Hai kikatengenezwa kipimo kinachotumia njiti za kibiriti. Unapanga umbo mezani, unamwambia apange kama lako. Unamuuliza leo siku gani, nani kiongozi wa kijiji hiki, unamwambia ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Tahadhari, kushindwa hapo si hukumu, ni tiketi ya kumwona mtaalamu. Kwa upande wenu hospitali ya KCMC iko karibu.

Cha pili, hapo hapo Hai walishajaribu vikundi vya kuchangamsha akili: wazee wachache wanakaa pamoja, vikao 14 kwa wiki saba, wanaimba, wanatambua vyakula kwa harufu, wanasimuliana mambo ya zamani. Anayeongoza si lazima awe daktari. Mkutano wenu ukizaa kikundi kimoja cha namna hiyo, mmeshinda mabango yote.

Bosi Kijiweni

Wakuu naacha utani sasa.

Mimi ni bodaboda Moshi vijijini. Kuna mzee mmoja alikuwa ananisimamisha saa nne usiku, kavaa koti juu ya pajama, anataka nimpeleke chamani akauze kahawa. Mkononi ana mfuko wa rambo, ndani majani makavu. Mara ya kwanza nilimfukuza nikajua ni mlevi. Mara ya pili nikamwuliza mwenzangu wa kijiweni, akaniambia huyo alikuwa karani wa chama cha msingi enzi za KNCU, ule ushirika wa kahawa, akili imemruka. Mara ya tatu nikampakia. Nikazunguka naye hadi barabara ya lami, nikarudi, nikamwambia mzee leo wamefunga, mizani imeharibika. Akasema, "Basi kesho mapema." Nikamshusha kwake. Mtoto wake akatoka akaniuliza nauli ya nini wakati hajaniagiza.

Sisi ndio tunaokutana nao usiku. Mtuambie cha kufanya, na mtupe namba ya simu ya kupiga. Mkutano wa Jumapili saa nane mimi siwezi kuacha abiria, lakini mkija kijiweni saa nne asubuhi siku ya kazi mnatukuta kumi, tumekaa tu tunabishana Simba na Yanga.

Babu Mkorofi

Huyu kijana anastahili soda.

Kuhusu tarehe, mbona mnang'ang'ania ya huyo Mjerumani? Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani, wazee tunakusanywa hata hivyo tukae juani. Ingieni hapo.

Mgomba Mbichi

Babu, umesema mwenyewe: mkae juani. Na mgeni rasmi wa siku hiyo si wa dakika 40.

Nimekaa na wenzangu jana, tumeyapitia yenu yote. Tumegawanya hivi. Wiki ya kwanza ya Septemba mama muuguzi atapita vijiwe viwili vya bodaboda na dukani kwa mama wa genge, maongezi tu, bila spika. Jumamosi ya tarehe 19 ni ya dada wa kazi na wanaoshinda na wazee, na sisi wajukuu ndio tutakaobaki na wazee siku hiyo. (Binafsi naogopa kidogo. Saa kumi na mbili jioni itanikuta peke yangu na bibi wawili wanaotaka kwenda nyumbani kwao, na wanatoka pande tofauti za mto.) Jumapili ya tarehe 20 ni meza ya presha baada ya ibada, pembeni yake viti viwili na kibiriti.

Kikundi cha vikao 14 tumeshindwa kukubaliana. Wawili wanasema tukianzisha tutaishia cha tatu, na mimi naona wana haki ya kuogopa. Tumeacha kiporo.

Bango: BIBI ANASAHAU? BABU AMEBADILIKA? NJOO TUONGEE. PRESHA BURE. Kalamu Nyekundu, mstari wa pili ni wako. Fundi amelileta leo jioni, nikalitandaza uani kukagua kama hajakosea herufi. Bibi akaja na fimbo yake. Alisoma shule ya misheni, kusoma bado anasoma. Akapita neno kwa neno kwa sauti, kidole kinafuata, akarudia mstari wa kwanza. Akaniuliza, "Huyo bibi anayesahau ni wa wapi?"

Nikamwambia wa hapa hapa.

Akasema, "Maskini. Mpelekeeni ndizi." Kisha akachukua fimbo akaanza kuteremka, na mimi nikaenda kutafuta tochi.

Bosi Kijiweni

Namba ya simu muiandike kwa herufi kubwa. Usiku hatuvai miwani.